Nilivyowasimulia Watoto wa Jericho Hadithi za Wezi

Hadithi za wezi ziliombwa na watoto wenyewe. Mimi nilikuwa nimekuja na hadithi za yatima mwema na mama wa kambo, zile nilizozipenda nikiwa na umri wao, na kila Jumamosi kulikuwa na mtoto aliyesinzia kabla yatima hajafika kisimani. Nilipowauliza wanataka nini, walinijibu kwa sauti moja: wezi. Wezi, majambazi, maharamia wa baharini, yeyote anayekimbizwa.

Ukumbi tunaotumia uko mtaa wa Jericho, Nairobi, si mbali na Jogoo Road. Watoto wa huku hawahitaji kuelezwa wizi ni nini. Mama zao wamenyakuliwa simu kwenye madirisha ya matatu, na baadhi yao wameshaona kinachompata mtu akishapigiwa ukelele wa "mwizi!" barabarani. Wazazi wao walikua wakisikia majina ya Wacucu, Wanugu na Rasta, majambazi wa miaka ya 1990, ambao hadi leo ukikaa na watu wa makamo watasimuliwa kama watu wa ngano. Kwa hivyo hadithi hazikuwa haba. Kilichonisumbua ni namna ya kuzisimulia. Nikimfanya mwizi shujaa, nitakuwa nawadanganya watoto wanaojua mengi kunishinda. Nikimfanya shetani, watapiga kelele "achomwe!" na hapo hadithi imeisha.

Nilianza na Ali Baba, kwa kuwa nilidhani naijua. Nilipokwenda kuisoma upya niligundua kwamba haimo kabisa katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana msafiri aliyetoka Aleppo, akaandika muhtasari wake, na ikachapishwa mwaka 1717, Galland mwenyewe akiwa ameshafariki. Hilo lilinitia moyo. Kumbe hadithi hii ilizaliwa mtu mmoja akizungumza na mwingine akiandika, kwa hiyo sikuona kosa kuitoa kitabuni na kuirudisha mdomoni.

"Simsim, fungua!" waliishika mara moja. Pango likafunguka, Ali Baba akajaza dhahabu kwenye punda wake, na kabla hajafika nyumbani mkono ukainuliwa. Mvulana wa darasa la tano hivi. "Anko, kwani Ali Baba si pia ni mwizi? Hiyo doo haikuwa yake."

Zipo simulizi za siku hizi zinazolikwepa swali hili. Ama hazina inageuzwa kuwa mali ya wanakijiji, ama Ali Baba anagawia maskini nusu yake, ili mtoto asisumbuke. Mimi niliwaachia swali likae hapo katikati ya ukumbi. Niliwaambia tu kwamba katika hadithi hakuna anayemuuliza, kisha nikaendelea, huku nyuma yangu wakibishana kwa minong'ono.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mitungi. Mkuu wa wezi anafika kwa Ali Baba usiku akijifanya mfanyabiashara wa mafuta, ana nyumbu kumi na tisa na mitungi thelathini na minane. Mtungi mmoja una mafuta. Mingine thelathini na saba, kila mmoja una mwizi ndani yake, amejikunyata akingoja ishara. Wawili waliobaki kutimiza arobaini, ukimhesabu na mkuu, walikwisha kuuawa na mkuu wao kwa kushindwa kuitambua nyumba, kwa sababu mjakazi Marjana alichora chaki kwenye milango ya majirani ifanane na mlango uliotiwa alama. Basi taa inamzimikia Marjana jikoni, anatoka uani kuchota mafuta, na kutoka ndani ya mtungi sauti inauliza polepole: "Wakati umefika?" Msichana hashtuki. Anajibu, "Bado, lakini karibu."

Hapo nilizima taa za ukumbi. Nilipita kati ya mabenchi, nikiinama sikioni mwa mtoto mmoja mmoja nikiuliza kama mwizi, "Wakati umefika?" Na kila mtoto alilazimika kujibu kwa sauti ya Marjana, bila kutetemeka: "Bado, lakini karibu." Walioshindwa kuzuia kicheko walirudia.

Kisha ndipo kwenye ugumu. Marjana anachemsha mafuta na kummwagia kila mmoja mtunguni mwake. Niliwauliza kwanza wao wangefanya nini. Mmoja akasema angepiga simu polisi, wenzake wakacheka hadi benchi likayumba. Wengi wakapaza sauti: achomwe, achomwe. Nikawasha taa. Sikuubadilisha mwisho, maana sipendi hadithi zilizong'olewa meno, lakini niliusema kwa sentensi moja kavu, bila kuigiza: alichemsha mafuta, akamwaga, na palipokucha hakuna mtungi uliouliza tena wakati.

Halafu nikawapa kazi. Kila mtoto achague mtungi mmoja, atuambie aliyekuwa ndani alikuwa nani. Hadithi haisemi, wale thelathini na saba hawana hata jina.

Sikutarajia yaliyofuata. Mvulana mmoja alisema wa kwake alikuwa na mkokoteni wa kuuza maji, mkokoteni ukaibwa, akaenda kuutafuta na hakurudi. Mwingine: wa kwake aliingia kwa sababu ya viatu, wale wezi wote walikuwa na viatu vizuri. Mwingine akasema wa kwake ni mbaya tu, alizaliwa hivyo, na tukamkubalia, maana wapo. Msichana mmoja ambaye huwa hasemi kitu alisimama akasema, "Wa kwangu ana mama. Mama yake amemwekea chakula." Akakaa. Hakuna aliyesema achomwe tena siku hiyo, na sikuhitaji kuwakataza.

Tangu hapo mitungi ndiyo njia yangu. Kila hadithi ya mwizi ninayoileta, natafuta mahali ambapo msimulizi wa kale alipita bila kumtazama mtu, iwe ni aliyeiba au aliyeibiwa, nami nawaachia watoto mahali hapo.

Robin Hood alikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, ila ilinibidi kuachana na yule wa sinema. Yule wa zamani, katika shairi refu la Kiingereza lililochapishwa karibu na mwaka 1500, si mwana wa kabaila, wala huyo mpenzi wake Marian hayumo. Kilichomo ni deni. Askari mmoja mwenye cheo amekopa pauni 400 kwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria kule York, ili amwokoe mwanawe aliyeua mtu, na shamba lake ndilo rehani. Siku ya kulipa imewadia na hana kitu. Watoto walielewa upesi mno. Shailoki anayekopesha kwa riba, dhamana ya mahakamani, hati ya shamba: haya ndiyo mazungumzo ya watu wazima nyumbani kwao.

Nilitandika leso sakafuni kuwa joho la Little John, mwenzake Robin, na vifuniko vya soda vikawa pesa. Robin anamuuliza yule askari, mgeni wake, ana kiasi gani. Shilingi kumi tu, anasema. Little John anamwaga mfuko juu ya joho, anahesabu: shilingi kumi kweli. Kwa kuwa hakudanganya, anakopeshwa pauni 400, na mdhamini anayemtaja ni Bikira Maria. Baadaye anapita mtawa wa nyumba ileile ya York. Una kiasi gani? Marki ishirini, si zaidi. Msichana aliyekuwa Little John akapindua mfuko na vifuniko vikamwagika hadi chini ya mabenchi, pauni 800 na ushei. Robin anashukuru: Bikira Maria amelipa deni, tena mara mbili! Walicheka, wakataka irudiwe, na mtawa akapatikana kwa kupigiwa kura, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa yule anayekamatwa akidanganya.

Maharamia sikuwatendea haki. Walitaka kasuku na mguu wa mti. Niliwapa Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyefika pwani yetu miaka ya 1580 na kupokewa vizuri na miji mingi iliyochoshwa na Wareno, akakamatwa Mombasa mwaka 1589 na kupelekwa Ureno. Miaka minne baadaye Wareno walianza kujenga Fort Jesus. Kwa Wareno alikuwa haramia. Watoto waliuliza Wareno nao walikuwa nani, ikabidi nirudi hadi 1505, walipoiteka Mombasa, wakaipora na kuichoma, na saa ikaisha kabla hatujafika popote. Nitairudia siku moja, na kasuku nitamtafuta.

Ni katika siku hizo baba mmoja alinisimamisha mlangoni. "Mwalimu, nasikia unawafundisha hawa watoto wizi." Hakuwa na hasira, lakini hakuwa anatania. Nikamwambia, "Karibu ndani, mzee, usikie mwenyewe." Akakaa nyuma, kofia kichwani, mikono kifuani.

Siku hiyo nilikuwa na hadithi aliyoiandika Herodotus wa Ugiriki, ya fundi aliyemjengea mfalme wa Misri chumba cha hazina akaacha jiwe moja legevu ukutani, na alipokuwa anakufa akawaonyesha wanawe wawili. Fundi! Yule baba alitoa mguno uliosikika ukumbi mzima. Nilikuja kujua baadaye kwamba anajenga nyumba. Nilipofika mahali ambapo mwizi anawalevya walinzi kwa mvinyo na kuwanyoa shavu la kulia kila mmoja, alikuwa amesogea benchi la tatu.

Nilipomaliza alisema hiyo si kitu, yeye anayo ya Abunuwasi. Akasimama mbele akaisimulia, na aliisimulia vizuri kunishinda. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na sufuria ndogo ndani: "Ilizaa." Jirani anafurahi, anapokea zote mbili. Anaazima tena, na safari hii hairudishi: "Pole sana jirani, sufuria imefariki." Jirani anamshtaki, na kadhi anasema aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana budi kukubali kwamba hufa.

"Sasa," akasema baba, akiwatazama kwa ukali wa kujifanya, "mwizi ni nani hapo?"

Abunuwasi, wakasema wote. Isipokuwa yule mvulana aliyemshuku Ali Baba. "Huyo jirani ndiye alianza. Alichukua hako kasufuria kadogo na alijua sufuria haizai."

Yule baba akavua kofia, akajikuna kichwa. "Wewe," akamuuliza, "ni mtoto wa nani?"