Maji ya tangi bila harufu ya dawa: nilivyofanya mimi

Aliyenifundisha kwamba maji yakinuka klorini ndiyo yametakasika ni fundi aliyenijengea tangi la saruji la maji ya mvua, hapa hapa Sahare, Tanga. "Mama, we ongeza dawa mpaka pua isikie." Haya, nikaongeza. Wateja wangu wa juisi ya ukwaju wakaanza kuniuliza kama siku hizi naitengenezea wodini.

Mpwa wangu anasoma kemia chuoni. Alipokuja likizo akafunua mfuniko, akachungulia: maji ya hudhurungi, majani ya mwembe yamelala chini. "Mama mdogo, hapa unapika klorofomu." Nikadhani utani. Kumbe klorini haiui vijidudu tu, inayavamia pia yale maji ya majani yaliyooza, na hapo huzaliwa kemikali ziitwazo trihalomethani, klorofomu ikiwemo. Johannes Rook alizibaini kwenye maji ya Rotterdam, Uholanzi, akatoa taarifa mwaka 1974. Zinashukiwa kuchangia saratani ya kibofu kwa mtu anayezinywa miaka na miaka. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa klorofomu kuwa miligramu 0.3 kwa lita. Na pua haikusaidii kitu, maana kwa kiasi kidogo hivyo huwezi kuinusa.

Habari zikavuja mtaani, ushauri ukamiminika. Jirani wa kwanza: achana na dawa, ni sumu. Jamani, pwani hii imeshaonja kipindupindu! Shirika hilo hilo linasema wazi kwamba kuua vijidudu kusilegezwe kwa sababu ya kuogopa kemikali hizi. Wa pili akaniletea mbegu za mlonge. Maji yalitakata, sikatai, lakini mlonge nao ni mmea, unaacha vyake majini, na dawa inakwenda kupigana navyo upya. Wa tatu akanikaribisha kisimani kwake, maji yana chumvi kwa ajili ya bahari. Mpwa akakataa katakata: maji ya bahari yana bromidi, ukiyatia klorini unapata bromofomu, trihalomethani nyingine, na hiyo ukomo wake ni miligramu 0.1 tu kwa lita.

Bingwa wao ni shemeji. Alisikia mkaa unanyonya kemikali, basi akaja na pipa, kokoto, mchanga wa ufukweni, na mkaa wa kupikia aliouchota kwenye gunia langu bila hodi. Akapanga matabaka kwa mikogo, akawaita watoto washuhudie, akafungua koki. Maji yakatoka meusi tii. "Hayo ya kwanza, ngoja." Tukangoja. Yakaja mengine, meusi vile vile. Adhuhuri ikapita, yakawa ya kijivu, tena ya chumvi, kwa kuwa mchanga hakuuosha. Watu wamejaa uani, heshima iko hatarini, akakinga kikombe akanywa chote. "Laini," akasema, na kila jino lina mstari mweusi. Mkaa wa kazi hiyo ni ule uliotengenezwa maalumu kiwandani, wenye vitundu vidogo visivyohesabika, na ukishashiba unabadilishwa. Wa gunia upikie maharage.

Kilichonisaidia ni shabu, lile jiwe jeupe la kutakasia maji. Tangi nilikuwa nimeshalisafisha, gata nimelitia wavu, na mvua ya kwanza naiacha imwagike nje. Sasa sikilizeni ujanja wangu. Nilichukua chupa tupu za saizi moja, nikazijaza maji ya tangi, nikatia shabu iliyosagwa, kila chupa ikizidi kidogo mwenzake. Unakoroga haraka, halafu pole pole, unaziegemeza kwenye ukuta mweupe. Chupa zenye shabu haba hazikufanya lolote. Zilizozidishiwa zikabaki na ukungu. Ila moja ya katikati ilifanya vibonge kama pamba, vikashuka vyenyewe na ile rangi ya majani, juu kukabaki kweupe. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kipimo hicho ndicho ninachotumia kwenye pipa, nikikizidisha kulingana na ujazo. Maji ya juu nayavuta kwa mpira, matope nayaacha, ndipo naweka dawa. Shabu ni bei ya karanga, msije mkaniambia hamna hela.

Rafiki yangu anayeangalia bwawa la kuogelea la hoteli huko Raskazone akanigawia vidonge vya kupimia klorini. Kidonge kikiyeyuka maji yanageuka waridi, unalinganisha na kadi. Nusu saa baada ya kutia dawa nataka klorini miligramu 0.5 kwa lita, basi. Chupa ya dawa niliyokuwa naimaliza upesi sasa inadumu hadi naisahau. Ya ukwaju nachemsha sufuria wazi na dirisha wazi, maana trihalomethani huruka na mvuke.

Dawa iwekeni kabatini, jua linaidhoofisha. Na shabu nunueni ya bonge. Ya unga niliuziwa magadi.