Nilivyochora mistari ya uwanja wetu Maseno

Fainali ya mwaka jana ilivunjikia golini. Mpira ulidunda karibu na mlingoti, kipa akaukumbatia, huku wakashangilia, kule wakapinga. Refa akainama atafute mstari. Haukuwepo. Tulichora kwa majivu asubuhi, na kufikia kipindi cha pili viatu vya vijana vilikuwa vimeyafuta yote. Ngumi zikatembea. Nikaapa kwamba mwaka huu mistari ni kazi yangu.

Nilinunua mfuko wa chokaa ya kupaka kuta na kamba ya katani, nikachonga vigingi vya mkaratusi. Nilidhani shida itakuwa chokaa, kumbe shida ni kona. Mara ya kwanza nilikadiria kwa macho, na uwanja ukaenda upande. Mjomba wangu, fundi wa nyumba, alipouona akaniambia, "Mpwa wangu, huu ni kama msingi tu. Piga tatu, nne, tano."

Kwenye kona unapiga kigingi, unapima mita 3 kwenye mstari wa goli na mita 4 kwenye mstari wa pembeni. Kutoka alama moja hadi nyingine zikitoka mita 5 kamili, kona imenyooka. Zisipotoka, sogeza kamba mpaka zitoke. Tulirudia kona zote nne, kisha tukapima mshazari kwa mshazari. Zilipolingana, mjomba alinipa mkono.

Boksi kubwa linaingia ndani mita 16.5, alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Duara la kati ni rahisi: kigingi katikati, kamba ya mita 9.15, unazunguka. Kamba hiyohiyo ukiifunga kwenye alama ya penalti inakupa ule upinde ulio mbele ya boksi. Miaka yote nimecheza nikidhani ni pambo! Kumbe unawaweka wachezaji wengine mita 9.15 kutoka kwenye mpira wakati wa penalti.

Chokaa kavu usiitegemee, hasa huku kwetu ambako asubuhi ni jua na alasiri mvua. Nilikoroga na maji ikawa kama uji mwepesi, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina polepole kati ya kamba mbili zilizoachana sentimita 12, upana wa mlingoti. Iliposhika nyasi, haikutoka. Vaa glavu na ulinde macho, chokaa inachoma.

Siku ya fainali ilinyesha tangu saa nane. Dakika za mwisho mpira ukadunda palepale golini, kipa akaudaka, watu wakainuka. Refa akakimbia, akainama. Alama ya mpira ilikuwa imebonyea juu ya weupe wenyewe, na mpira usipovuka mstari wote, si goli. Akaonyesha kwa kidole. Manahodha wote wawili wakaja, wakatazama, wakarudi kwenye nafasi zao.