Nilivyoshangilia kichocheo kilichokuwa kikijiunguza

Nilipoanza kazi ya kupachika oksidi ya seriamu, aina ya metali, kwenye mirija nano ya kaboni, yaani vijirija vyembamba mno visivyoonekana kwa macho, ili iwe kichocheo, kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha, na igeuze kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, mwenzangu aliyenitangulia maabara aliniambia nichome sampuli hewani kwa nyuzi 500 za Selsiasi, kama alivyozoea kufanya kwa alumina, yaani oksidi ya alumini. Nilitii. Jioni nilitia tanurini unga mweusi tititi, asubuhi nikatoa unga haba wa manjano hafifu: seriamu ilikuwapo, lakini mirija yote ilikwisha kugeuka gesi. Alumina haiungui, kaboni inaungua, na oksidi ileile tunayotaka ichochee ndiyo inayoharakisha kuungua huko.

Nilianza upya. Mirija niliichemsha katika asidi ya nitriki, kwa kuwa isipopitia asidi huelea majini kama masizi na nitrati ya seriamu haipati pa kushika. Kisha nikaisuuza mpaka asidi ikaisha, kazi iliyonila siku mbili na karibu maji yote yaliyokenekwa ya wiki ile. Safari hii niliongeza nitrati ya shaba, nikakausha, nikapasha kwa nyuzi 350 ndani ya mkondo wa nitrojeni.

Nilipopitisha gesi yenye asilimia 1 ya kaboni monoksidi na asilimia 20 ya oksijeni, iliyobaki ikiwa heliamu, kichocheo kilifanya kazi vizuri hata chini ya nyuzi 200. Ningeishia hapo ningesalimika, lakini tamaa ilinipandisha hadi 400, nikaona monoksidi imetoweka kabisa. Nilimtumia mama picha ya mchoro wa matokeo, naye asiyejua kichocheo ni nini akajibu kwamba Mungu ni mkubwa.

Siku mbili baadaye, nilipojumlisha hesabu, niligundua kwamba dioksidi iliyotoka ilizidi asilimia 1, yaani kaboni iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko iliyoingia. Nililaumu mtambo wa kromatografia, unaotenganisha na kupima gesi, nikausawazisha upya, nikabadilisha hata mtungi wa gesi kwa fedha ambazo msimamizi wangu huzitaja mpaka leo. Mwishowe nilifanya jambo lisilogharimu chochote: nilifunga mtungi wa monoksidi, nikaacha oksijeni na heliamu zipite peke yake. Kuanzia karibu nyuzi 300 dioksidi iliendelea kutoka, ingawa hapakuwa na monoksidi ya kuigeuza. Nilipofungua mrija wa mmenyuko, safu ya unga ilikuwa imepungua karibu nusu.

Tangu hapo kila sampuli yangu hupitia jaribio hilo kwanza, nami sipandishi joto kupita 250. Hakuna haja, kwa sababu shaba hukamata monoksidi, seriamu huipa oksijeni kutoka katika oksidi yake yenyewe, kisha pengo hujazwa na oksijeni ya mkondo, kwa utaratibu ambao wanasayansi Mars na van Krevelen waliueleza mwaka 1954. Kengele ya gesi nayo usiizime hata ikikukera, maana monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini, ile ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Mchoro wangu mpya ni mfupi na hauvutii kama ule wa kwanza. Sikumtumia mama mpaka nilipopima unga kabla na baada ya saa 24 za kazi, nikakuta uzito ni uleule.