Segerea niliyoikuta

Kabla sijaondoka, Segerea kwangu ilikuwa jina la kwenye kibao cha daladala. Nimerudi Dar, nikikaa barazani kidogo tu, lazima atajwe mtu aliyepita gereza la pale. Na si vibaka: mhasibu, wakala wa forodha, mwandishi wa habari.

Segerea ni gereza la mahabusu. Watu wanasubiri kesi, na wengine wanasubiri miaka. Ukishtakiwa utakatishaji fedha, dhamana huna, hata uwe na nyumba tatu za kuweka rehani. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana, kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo.

Freeman Mbowe na Esther Matiko, wabunge wa Chadema wakati huo, walikula Krismasi ya 2018 humo baada ya kufutiwa dhamana, wakatoka Machi 2019. Lakini habari ya mwandishi wa habari Erick Kabendera ndiyo inayonikaa rohoni. Alikamatwa Julai 2019. Mama yake, aliyekuwa ameomba hadharani mwanawe aachiwe, akafariki siku ya mwisho ya mwaka, na mahakama ikamkatalia kwenda kumuaga. Februari akakiri baadhi ya mashtaka, akalipa, akatoka.

Kukiri na kulipa kulishika kasi Septemba 2019, Rais Magufuli alipotoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi. Mkurugenzi wa Mashtaka alitaja watu 467 waliokuwa tayari kurudisha shilingi bilioni 107. Wapo waliokula kweli, sibishi. Ila mtu aliyesota ndani bila dhamana, ukimwambia lipa utoke, atalipa hata ambacho hakukila.

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yetu wa zamani mahakamani, kwenye kesi ya mwanawe. "Mwanangu, usisimame hapo, karandinga huingilia kule," akanivuta mkono. Kijana akashuka kavaa shati lake mwenyewe, limempwaya, pingu moja na mwenzake. Mama akamwita mara moja tu. Askari hakugeuka, kijana akatikisa kichwa.

Kesi ikatajwa. Wakili wa serikali akasema upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa siku 14. Haikufika dakika tano. Mama akaniachia mkoba, akamfuata wakili wao kumuuliza habari za kukiri, na kama wanapokea kwa awamu.