Boriti Hupindaje, na Nondo Zikae Upande Gani

Katika maeneo ya ujenzi hapa Jinja kuna kanuni ambayo kila fundi huishika mapema, hata kabla hajajua kusoma ramani: nondo nene zikae chini, nyembamba zikae juu. Kanuni hiyo ni sahihi mara nyingi, na ndiyo maana inanitia wasiwasi, kwa kuwa aliyeikariri bila kuijua sababu yake huitumia hata pale ambapo boriti inahitaji kinyume chake kabisa.

Sababu yenyewe inaonekana kwenye ubao wa kupitishia toroli juu ya mtaro wa msingi. Toroli lililojaa zege linapofika katikati, ubao hubonyea, na hapo nyuzi zake za juu hugandamizwa zikafupika kidogo huku za chini zikivutwa na kurefuka. Kati ya pande hizo mbili lipo tabaka ambalo halifupiki wala halirefuki. Kani ya kugandamiza iliyo juu na kani ya kuvuta iliyo chini ni sawa kwa ukubwa, ila zinaelekea pande tofauti, na ukizidisha mojawapo kwa umbali uliopo kati yao unapata kile wahandisi wanachokiita momenti ya mpindo. Umbali huo ndio siri ya kazi yote. Ubao wa milimita 50 kwa 150 ukisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba hubeba mzigo mara 3 ya ule unaobeba ukilazwa, na kwa mzigo uleule hubonyea mara 9 pungufu, ingawa mbao ni ileile na bei ni ileile.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliliandika jambo hili mwaka 1638, na alikuwa sahihi kwamba nguvu ya boriti hukua kwa mraba wa kina chake, yaani kimo chake kutoka uso wa chini hadi wa juu. Alidhani, hata hivyo, kwamba sehemu yote ya boriti huvutwa na hakuna inayogandamizwa, kwa hiyo hesabu yake ilitoa nguvu mara 3 ya ile halisi. Ilichukua muda mrefu kabla ya wahandisi wawili Wafaransa, Coulomb, mwaka 1773, na baadaye Navier, mwaka 1826, kuliweka sawa. Mtu akishindwa kulielewa somo hili siku ya kwanza, basi asijilaumu.

Sasa tuje kwenye zege. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa huwa na takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo, kwa hiyo kila panapovutwa lazima chuma kifanye kazi. Tuchukue boriti ya mita 4 iliyokaa juu ya kuta mbili, yenye mzigo wa kilonyutoni 20 (kilonyutoni ni kipimo cha kani) kwa kila mita, uzito wake wenyewe ukiwamo. Momenti kubwa kabisa iko katikati, nayo ni mzigo huo mara urefu mara urefu, gawanya kwa 8, yaani kilonyutoni-mita 40. Ikiwa boriti ina kina cha milimita 400, umbali kati ya kani mbili ni kama milimita 320, hivyo nondo za chini zinavutwa kwa kilonyutoni 125, sawa na uzito wa tani 12 na nusu hivi. Mwenye nyumba akitaka sebule ya mita 6 badala ya 4, momenti inapanda hadi 90. Urefu umeongezeka kwa nusu tu, lakini momenti imezidi maradufu, na wateja wengi hawapendi kuusikia ukweli huo.

Hadi hapo kanuni ya fundi bado iko salama. Inaanza kuvunjika boriti hiyohiyo inapoendelea juu ya nguzo ya kati hadi chumba cha pili cha mita 4. Juu ya nguzo ile boriti hujikunja kwa kuinua mgongo, upande wa juu ndio unaovutwa, na momenti ya pale ni 40, wakati momenti kubwa kabisa ndani ya kila chumba imeshuka hadi 22.5. Sehemu inayohitaji chuma kingi zaidi, basi, iko juu, palepale ambapo mara nyingi nakuta nondo mbili nyembamba zilizowekwa kwa ajili ya kushikilia ringi tu, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo.

Roshani ni hatari zaidi, kwa sababu haina nguzo ya pili ya kuisaidia. Roshani inayochomoza mita 2 kutoka ukutani, kwa mzigo uleule, huzaa momenti ya 40, sawasawa na boriti ya mita 4 yenye kuta mbili, na mvuto wake wote uko juu. Mara nyingi ramani huwa sahihi, lakini siku ya kumwaga zege vibarua hupita na makarai yao juu ya nondo za juu na kuzididimiza. Nondo iliyopaswa kuwa milimita 120 kutoka uso wa chini ikishuka hadi 60, roshani imepoteza takriban nusu ya nguvu yake, na kwa nje hakuna atakayejua. Viti vidogo vya chuma vya kuinyanyua nondo ni gharama ndogo mno, nami siruhusu zege limwagwe kabla sijaviona.

Hata miti ya mikaratusi inayoshikilia roshani hadi zege likomae ina utaratibu wake wa kuondolewa: huanzia nchani na kurudi ukutani. Ukiacha mti wa nchani na kuondoa iliyo karibu na ukuta, umeigeuza roshani kuwa boriti yenye egemeo mbili, ambayo katikati huvutwa upande wa chini, mahali ambapo hakuna nondo za kutosha. Kosa hilohilo hufanywa na mwenye nyumba ambaye, miaka kadhaa baadaye, anajenga nguzo ya matofali chini ya ncha ya roshani kwa nia ya kuisaidia. Ufa mpya huonekana upande wa chini, naye humlaumu fundi aliyepiga lipu.