Kurasa tisa, kosa moja la tahajia

Rafiki yangu mjuaji aliwahi kuniambia: ukitaka kujua tovuti ya kuaminika, angalia kile kikufuli pembeni ya anwani. Ushauri wa hovyo. Kufuli linakuhakikishia tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hayasomeki njiani; tapeli naye analipata, tena bure. Hata kivinjari cha Chrome kilikiondoa mwaka 2023 kwa sababu watu tulikuwa tunakielewa vibaya.

Ushauri wake wa pili ndio ulionimaliza: kurasa nyingi zikisema jambo moja, ni kweli. Nilikuwa na seva ya Linux, programu yangu inakataliwa kuandika kwenye folda fulani. Nikaingia mtandaoni, kurasa tisa zikanipa dawa moja: chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa ya kusoma, kuandika na kuendesha kila kilichomo. Tisa! Nani mimi nibishe? Kwa ujuaji wangu sikuilenga folda, nikaipiga kuanzia kwenye mzizi wa mfumo mzima. Ikakubali bila kuniuliza. Dakika chache baadaye sudo, amri ya kukupa mamlaka ya msimamizi, ikagoma, maana amri ile iliifutia alama ya setuid inayoipa nguvu zake. Nikajaribu kuingia upya kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, nayo ikanikataa, kwa sababu haitaki kabisa faili za funguo zilizo wazi kwa kila mtu. Nilifungua milango yote ya nyumba, ukajifunga mmoja tu: wangu.

Usiku huo, nikisubiri nakala rudufu irejeshwe (ya wiki mbili nyuma, usiulize), nikazirudia zile kurasa kwa hasira. Saba kati yake zilikuwa na neno la Kiingereza la ruhusa limeandikwa kwa s moja badala ya mbili, katika sentensi ileile! Nikaichukua sentensi nzima na kosa lake, nikaifungia ndani ya alama za kunukuu, nikaitafuta. Wakaja ndugu zake kumi na kitu. Nikapanda kwa tarehe mpaka kwa babu yao: mtu kauliza swali, mwenzake kamjibu, jaribu hii kwenye folda hiyo uone kama tatizo ni ruhusa, ukishajua zirudishe kama zilivyokuwa.

Hapo kwenye "zirudishe" hakuna hata mmoja aliyenakili. Mashahidi wangu saba kati ya tisa walikuwa mtu mmoja, tena aliyekatwa ulimi.

Siku hizi naanza na man chmod, mwongozo wa amri yenyewe, uko humohumo kwenye mashine. Halafu naangalia toleo na tarehe: Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini kurasa zinazofundisha kuandika amri ya print bila mabano, mtindo wa toleo hilo, bado zinakuja juu ukitafuta.

Hata nyaraka rasmi nazo soma tarehe. RFC 1149, mmoja wa nyaraka za kanuni za intaneti, ya 1 Aprili 1990, Sikukuu ya Wajinga, inaeleza jinsi ya kusafirisha data kwa njiwa. Nilimtumia yule rafiki. Akaniuliza kama njiwa hao wana kufuli.