Hz 3,900 zilizozidi katika sauti ya bibi

Kaseti ilikuwa ya dakika 60, nusu saa kila upande, na ndani yake marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia hadithi zilezile alizozoea kutusimulia usiku baada ya chakula. Nilikuwa nimeihamishia kwenye kompyuta ikiwa faili la sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo 44,100 vya wimbi la sauti kila sekunde, na jioni ile nilitaka mama aisikilize kupitia programu ndogo ya kuchezesha sauti niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C, katika kompyuta kuukuu ya mapajani inayotumia mfumo endeshi wa OpenBSD. Bibi akaanza, "Paukwa!" Mama akaitika, "Pakawa," kwa mazoea ya utotoni, kisha akanyamaza, akasogeza kiti karibu na spika, akasikiliza sentensi mbili tatu zaidi na kusema taratibu, "Mwanangu, huyu si mama."

Maneno yalikuwa ya bibi na kikohozi kilikuwa chake, lakini sauti ilikuwa imekuwa nyembamba kidogo na ya haraka kidogo, kiasi ambacho mimi niliyekuwa nimezoea kuisikia kupitia kompyuta sikukitambua, na mtu aliyelelewa na sauti ile alikitambua mara moja. Nilipotazama saa nilikuta kwamba upande uliopaswa kuchukua dakika 30 ulikuwa umekwisha kwa dakika 27 na sekunde 34 hivi. Hesabu hiyo ilinitosha. Ukigawanya 48,000 kwa 44,100 unapata ongezeko la takriban asilimia 8.8, ambalo kwa watu wa muziki ni karibu nusutoni moja na nusu, na ndilo lililomgeuza bibi akawa mtu mwingine. Kadi ya sauti ilikuwa ikizisoma sampuli zangu kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, yaani Hz 3,900 zaidi, nami nilikuwa nimeomba 44,100 na kuamini kwamba kuomba ni sawa na kupewa.

Kosa lilikuwa la programu yangu, na lilitokana na mstari mmoja ambao haukuwamo. Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu limenifundisha kuliko mafanikio yoyote namna kiolesura cha sauti kisichofungamana na kifaa, yaani njia moja ya programu kutoa sauti katika kadi yoyote, kinavyofikiriwa katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama BSD na Linux.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika vituo vya kazi vya Sun, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na faili maalumu liitwalo /dev/audio, na mtu aliweza kusikia sauti kwa kuelekeza yaliyomo katika faili lake kwenye /dev/audio kwa amri ya cat, kama vile anavyopeleka maandishi kwenye mashine ya kuchapa. Sauti hiyo ilikuwa ya kiwango cha simu: chaneli moja, sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8 zilizobanwa kwa mtindo uitwao mu-law. Mifumo ya BSD iliurithi mpangilio huo na kuupanua. Upande wa Linux, Hannu Savolainen wa Ufini alianza mwaka 1992 kuandika kiendeshi (programu inayoongoza kifaa) cha kadi ya sauti ya Sound Blaster ambacho baadaye kilikua na kuwa Open Sound System, chenye /dev/dsp na /dev/mixer. Lengo la wote lilikuwa kwamba mwandishi wa programu asilazimike kujua ni chipu gani iliyomo ndani ya mashine.

Katika OpenBSD kazi hiyo imegawanywa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi. Juu kuna tabaka moja tu, linaloonekana kwa programu kama /dev/audio0, na chini yake kuna viendeshi vya maunzi: auich kwa chipu za Intel za AC'97, mtindo wa zamani wa sauti ya kompyuta, azalia kwa zile za mtindo mpya zaidi wa HD Audio, uaudio kwa kadi za USB, na vinginevyo. Kila kiendeshi cha chini hujaza muundo uitwao audio_hw_if, ambao kwa hakika ni orodha ya vielekezi, yaani anwani, vya funksheni zake: ya kufungua, ya kuweka vigezo, ya kuanzisha uchezaji, ya kuusimamisha, na kadhalika. Wakati wa kuanza, tabaka la juu hukikabidhi kiendeshi anwani ya mwanzo na ya mwisho ya bafa (sehemu ya kumbukumbu ambamo sauti hungoja kuchezwa), ukubwa wa bloku, yaani kila kipande cha bafa hiyo, na funksheni ya kuita kila bloku inapomalizika. Baada ya hapo halijishughulishi tena na namna baiti zinavyofika kwenye spika. Kwa kadi ya USB 1.1, kwa mfano, data hupelekwa kwa vifurushi vya kila milisekunde moja, na kwa kuwa 44,100 haigawanyiki kwa 1,000, vifurushi tisa hubeba sampuli 44 na cha kumi hubeba 45. Mwandishi wa programu ya kuchezesha sauti halijui hilo wala hana haja ya kulijua, na mimi naiona hiyo kuwa mojawapo ya kazi safi kabisa katika kerneli.

Hata hivyo, kutofungamana na kifaa hakumaanishi kwamba vifaa vyote vimegeuzwa kuwa kimoja, na hapo ndipo nilipokosea. Viwango vya AC'97 vilijengwa juu ya kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, na uwezo wa kubadilisha kasi uliachwa kuwa hiari ya mtengenezaji. Chipu ya kompyuta yangu haikuwa nao. Programu ilijaza muundo uitwao audio_swpar, ikaweka sehemu ya rate kuwa 44100, ikaita ioctl (ombi la programu kwa kerneli kuhusu kifaa) ya AUDIO_SETPAR, na ioctl ikarudisha sifuri, yaani hakuna hitilafu. Kerneli ilichofanya ni kuchagua thamani ya karibu ambayo maunzi yanaiweza. Jibu lake lilikuwa tayari, likingoja niite AUDIO_GETPAR nilisome. Sikuita. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa nimeuliza na kuondoka kabla ya kujibiwa.

Utaratibu unaofaa una hatua nne, na sasa siruki hata moja. Kwanza AUDIO_INITPAR hujaza muundo wote alama ya "sikuchagua", ili vigezo nisivyovijali visibebe takataka zilizobaki kwenye kumbukumbu. Kisha naweka vile ninavyovihitaji tu, navipeleka kwa AUDIO_SETPAR, na mwisho navisoma vyote upya kwa AUDIO_GETPAR na kulinganisha. Kama rate iliyorudi siyo niliyoiomba, programu ina njia mbili za haki: ibadilishe sampuli yenyewe, ambapo kutoka 44,100 kwenda 48,000 ni uwiano wa 160 kwa 147, au ikatae kwa ujumbe ulio wazi. Njia ya tatu, ya kuendelea kimya, ndiyo iliyonifikisha kwa mama.

Nimewahi kuulizwa kwa nini kerneli isigeuze kasi yenyewe na kutuepusha na yote haya. Katika OpenBSD ugeuzaji na uchanganyaji wa sauti za programu mbalimbali huachiwa sndiod, mtumishi anayeendeshwa nje ya kerneli, na programu nyingi za kawaida huzungumza naye kupitia maktaba ya sndio badala ya kugusa /dev/audio0. Nilipokuwa nikijifunza nilimsimamisha makusudi, maana kifaa hakishikwi na wawili kwa wakati mmoja. Mimi naunga mkono mgawanyo huo: kuchuja mawimbi ni hesabu ndefu, na hesabu ndefu ikikosewa nje ya kerneli huangusha mtumishi mmoja, si mashine nzima. NetBSD, mfumo mwingine wa jamii ya BSD, walichagua njia nyingine, na tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018 kerneli yao huchanganya sauti yenyewe. ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, kwa upande wake, imeliweka jambo hili ndani ya jina la funksheni, snd_pcm_hw_params_set_rate_near, ambapo neno la mwisho linakuonya kwamba utapewa kilicho karibu. Laiti ningalianzia huko, pengine jina hilo lingenizindua mapema.

Kuna jambo jingine ninalolipenda katika muundo wa audio_swpar. Katika Open Sound System ya zamani unaweka aina ya sampuli, idadi ya chaneli na kasi kwa ioctl tatu tofauti, tena kwa mpangilio huo, kwa sababu kigezo kimoja kinaweza kubana kingine. Hapa vyote huenda kwa pamoja na kurudi kwa pamoja: bits ni idadi ya biti zenye maana, bps ni baiti ambazo sampuli inakaa ndani yake, sig inasema kama namba zina hasi, le inasema mpangilio wa baiti, na msb inasema kama biti zimesukumwa upande wa juu wa nafasi yake. Hiyo msb niliidharau mpaka nilipohamia mashine yenye kiendeshi cha azalia, nikaomba biti 24 ndani ya baiti 4. Rate ilirudi sawa, bits ikarudi sawa, nikafurahi; lakini bibi akatoka kwa mnong'ono, kama anayesimulia akiwa chumba cha tatu. Msb ilikuwa 1, ikimaanisha kwamba kadi inasoma biti 24 za juu, nami nilikuwa nikizijaza za chini. Biti nane za tofauti ni desibeli 48 hivi za sauti iliyopotea. Dawa ilikuwa kusogeza kila sampuli kushoto biti nane kabla ya kuiandika.

Muda nao una vigezo vyake. Sehemu ya round ni idadi ya fremu (fremu ni sampuli moja ya kila chaneli) katika bloku moja na nblks ni idadi ya bloku katika bafa. Kwa kasi ya 48,000, bloku ya fremu 960 ni milisekunde 20, na bloku nne ni milisekunde 80. Kwa chaneli mbili za biti 16 hizo ni baiti 15,360 kwa jumla. Kwa hadithi ya kaseti ningeweza kuomba bafa kubwa zaidi bila hasara yoyote, kwa kuwa msikilizaji hana kitufe anachobonyeza na kungoja itikio. Nilipoacha bafa iwe ndogo na diski kuukuu ikachelewa, sauti ilikatika katikati ya neno. Kukatika huko hakukuhitaji kukisiwa kwa sikio, kwa sababu AUDIO_GETPOS hurudisha play_pos, yaani baiti zote zilizokwisha kuchezwa, na play_xrun, yaani baiti za ukimya ambazo kerneli ililazimika kuzijazia kwa kuwa programu haikuandika kwa wakati. Sasa programu yangu huandika play_xrun kwenye kiweko, yaani dirisha la amri, kila inapomaliza faili, na nikiona namba isiyo sifuri huongeza bloku.

Nilipotaka kurekodi kaseti ya pili moja kwa moja kwa programu hiyohiyo nilipata faili lenye urefu sahihi na sifuri tupu ndani yake. Waya ulikuwa mzima, mshale wa redio ya kaseti ulikuwa ukicheza, na read, funksheni ya kusoma kutoka kwenye kifaa, ilikuwa ikirudisha baiti bila kulalamika. OpenBSD hunyamazisha kurekodi tangu mwanzo: kigezo cha kern.audio.record huwa 0, na mpaka mwenye mashine akibadilishe kuwa 1, kila programu inayosoma kutoka kwenye kifaa hupewa ukimya. Nilipoteza jioni moja, lakini sikuona vibaya. Kinga hiyo iko katika tabaka la juu, mahali pamoja, kwa hiyo inailinda maikrofoni ya ndani na ya USB kwa pamoja bila kiendeshi chochote cha chini kuguswa, na mtu hawezi kusikilizwa chumbani kwake kwa sababu tu programu fulani ilifaulu kufungua /dev/audio0.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa mama na kompyuta ileile kuukuu. Programu ilisoma kwamba imepewa 48,000, ikageuza sampuli kwa uwiano wa 160 kwa 147, na bibi akaanza tena. Mama aliitika "Pakawa" na safari hii hakunyamaza. Alicheka mahali pa kucheka, akamalizia mwenyewe wimbo wa sungura kabla bibi hajaufikia, akakaa hivyo dakika zote 30. Kwenye kiweko play_xrun ilikuwa 0. Sauti ilipokoma alinyoosha mkono kuelekea kompyuta na kuniambia, "Haya, geuza upande wa pili."